Uso wa mafuta: kipi ni cha mng'ao, kipi cha chunusi, kipi cha madoa

Chupa nyingi za vipodozi huandikwa "kwa ngozi ya mafuta", kana kwamba wote wenye ngozi hiyo wana kero moja. Hawana. Yupo anayesumbuliwa na mng'ao tu: ameoga asubuhi vizuri, na kufika saa sita paji la uso linameremeta. Yupo ambaye hang'ai sana, ila pua na kidevu vimejaa vijidoa vyeusi na vipele vidogo visivyoiva. Wa tatu anatoka chunusi nyekundu zenye usaha. Wa nne chunusi zilishamwisha, amebaki na madoa. Wape hawa wanne chupa ileile: mmoja ataisifu, watatu wataiponda, na hakuna atakayekuwa anasema uongo.

Kwa hiyo hapa sitalinganisha bidhaa kwa majina yake. Nalinganisha zinachofanya, ili ukijua kero yako ni ipi ujue pa kuanzia.

Kwanza, mafuta yanatoka wapi

Yanatoka kwenye tezi ndogo zilizo pembeni mwa mashina ya vinyweleo. Usoni na kichwani zimebanana, kwenye viganja na nyayo hazipo kabisa. Seli za tezi hujaa mafuta, hupasuka, na kilichomo hupanda hadi juu ya ngozi. Zinazoziamuru ni homoni za jamii ya androjeni (homoni za kiume, ambazo wanawake nao wanazo), ndiyo maana uso hubadilika mtu anapobalehe, na ndiyo maana wanawake wengi huona mafuta yakizidi siku za karibu na hedhi. Urithi nao una mkono mkubwa. Kama mama au baba alikuwa na uso wa namna hiyo, usishangae.

Jambo la kushika hapa ni hili: sabuni haifiki kwenye tezi. Inaondoa mafuta yaliyokwisha kutoka, na tezi inaendelea na kazi yake. Mafuta yakirudi baada ya saa chache, sabuni haijashindwa.

Utasikia pia kwamba ukiosha sana, tezi hukasirika na kumwaga mafuta maradufu. Ushahidi wa hilo ni dhaifu. Kinachoharibika ukiosha kupita kiasi ni ule utando wa juu unaozuia maji yasitoke mwilini. Ngozi hubana, huchonyota ukipaka kitu, huanza kutoa magamba madogo pembeni mwa pua, na wakati huohuo mafuta yanaendelea kutoka kama kawaida. Mtu anaona mng'ao, anaosha tena. Ngozi ya mafuta inaweza kabisa kukosa maji, na wengi walionunua vitu vikali kupita kiasi wako hapo.

Kujipima ni rahisi. Osha uso kwa sabuni laini, ukaushe, usipake chochote kwa muda wa saa moja hivi. Uso wote ukianza kung'aa, una ngozi ya mafuta. Paji, pua na kidevu vikingʼaa lakini mashavu yakabaki ya kawaida au makavu, yako ni mchanganyiko. Na kama unabana mwanzoni kisha unang'aa baadaye, shida yako ni mafuta pamoja na ukosefu wa maji, na hutafuti kitu kikali zaidi. Unatafuta kitu laini zaidi.

Sabuni ya kipande au jeli ya uso?

Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu: namba ndogo ni uchachu zaidi) ikiwa karibu 5. Sabuni ya kipande ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10. Ndiyo inayoacha ule uso "safi" unaolia ukiupitisha kidole, hisia ambayo wengi wetu tumeizoea tukaiona ndiyo usafi. Jeli za uso nyingi hutengenezwa kwa pH iliyo karibu na ya ngozi, na huondoa mafuta ya kutosha bila kubandua kila kitu. Nikiambiwa nichague, nachagua jeli bila kusita. Lakini nikuonye kwamba zipo jeli kali kuliko sabuni. Kipimo ni uso wako dakika kumi baada ya kuosha: ukibana, hiyo siyo.

Mara mbili kwa siku zinatosha, na mara moja zaidi kama umetoka jasho jingi. Katikati ya siku maji matupu au karatasi ya kunyonya mafuta vinatosha.

Vipi tona, yale majimaji ya kupaka baada ya kuosha uso, zenye spiriti? Zinakausha mafuta mara moja na uso unapoa, raha tupu, kisha baada ya muda unachonyota. Sioni kazi yake ambayo jeli nzuri haijaifanya. Tona isiyo na spiriti haina ubaya, wala haina ulazima.

Wanaojipodoa kila siku, au wanaopaka krimu nzito ya kukinga jua, hufaidika na mafuta ya kusafishia: yanayeyusha podozi, kisha jeli inayaondoa yote. Hofu ya kuweka mafuta juu ya mafuta haina msingi hapa, maadamu mafuta hayo yametengenezwa ya kuosheka kwa maji. Mafuta ya kupikia hayaosheki hivyo.

Asidi ya salisiliki na benzoili peroksaidi

Hawa ndio wawili wanaochanganywa zaidi, maana wote hukaa kwenye rafu moja na wote huandikwa "chunusi" kwa herufi kubwa. Kazi zao ni mbali kabisa.

Asidi ya salisiliki inayeyuka ndani ya mafuta. Kwa sababu hiyo inaingia kwenye tundu la kinyweleo lililojaa mafuta, mahali ambapo asidi zinazoyeyuka katika maji hazifiki vizuri, na inalegeza seli zilizokufa zilizoshikana humo. Kwa vijidoa vyeusi vya puani na vipele visivyoiva, hii ndiyo ya kwanza kuijaribu. Kiwango cha kawaida ni 0.5% hadi 2%. Weusi wa vile vijidoa, kwa taarifa yako, si uchafu: ni mafuta na rangi ya ngozi vilivyokutana na hewa, kwa hiyo kusugua hakusaidii. Na vile vitone vya kijivu vilivyopangana sawasawa puani, ambavyo ukivikamua vinatoa uzi mweupe na baada ya wiki chache vimerudi? Hivyo ni vya kawaida kwa binadamu. Viache.

Benzoili peroksaidi haishughuliki sana na mafuta. Inaua bakteria wanaoishi ndani ya vinyweleo na kuchochea uvimbe, na bakteria hawajengi usugu dhidi yake kama wanavyofanya kwa antibayotiki. Chunusi nyekundu, zinazouma, zenye kichwa cha usaha: hapo ndipo inapong'ara. Inauzwa kwa 2.5%, 5% na 10%, na watu hukimbilia 10% wakidhani namba kubwa ndiyo dawa kubwa. Kwa chunusi zilizovimba, 2.5% hufanya kazi karibu sawa na 10%, ila 10% inaunguza na kukausha zaidi. Anza na ndogo. Na tumia taulo nyeupe na foronya nyeupe, kwa sababu inachujua rangi ya vitambaa bila huruma.

Kama ngozi yako ni nyepesi kuwashwa, ipo njia ya katikati: nunua benzoili peroksaidi ya kuosha, ipake, iache dakika mbili tatu, kisha suuza. Itakuwa na nguvu pungufu kidogo kuliko ya kulala nayo, ila wengi huivumilia zaidi.

Unaweza kutumia zote mbili? Ndiyo, lakini si kwa wakati mmoja na si wiki ya kwanza. Moja asubuhi, nyingine jioni, baada ya ngozi kuzoea ya kwanza.

Niasinamidi, adapalini na asidi ya azelaiki

Niasinamidi ni aina ya vitamini B3, na ndiyo pole kuliko zote hapa. Zipo tafiti zilizoonyesha kwamba hata kwa 2% inapunguza mafuta kiasi, na kwenye 4% hadi 5% inasaidia kufifisha madoa na kuimarisha utando wa ngozi. Usitarajie uso ukauke. Tarajia mng'ao uchelewe kidogo. Seramu (majimaji mepesi ya kupaka yenye kiambato) za 10% zimejaa sokoni, lakini sioni haja: wengine zinawawasha, na faida ya ziada ni ndogo.

Adapalini ni ya ukoo wa vitamini A. Inarekebisha namna seli zinavyokua na kubanduka ndani ya kinyweleo, kwa hiyo inazuia chunusi kabla haijaanza kuonekana. Ile ya 0.1% iliruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari Marekani mwaka 2016. Kwingine taratibu hutofautiana, muulize mfamasia. Hii ndiyo ningempa mtu mwenye chunusi za kila namna kama angeruhusiwa kitu kimoja tu. Tatizo lake ni subira. Wiki za mwanzo ngozi hukauka, huambuka, na chunusi zinaweza kuonekana zimeongezeka. Wengi huacha wiki ya tatu, wakati matokeo ya kweli huonekana kwenye wiki ya 8 hadi 12. Paka kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku, siku mbili au tatu kwa wiki, kisha uongeze. Mjamzito, au anayetafuta mimba, asiitumie.

Asidi ya azelaiki huzungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Inapunguza chunusi kiasi, na inazuia utengenezaji wa rangi iliyozidi, kwa hiyo kwa ngozi nyeusi na ya maji ya kunde inafaa pande zote mbili. Hupatikana kwa 10% hadi 20%, na inaruhusiwa wakati wa ujauzito. Inachonyota kidogo siku za mwanzo, ukiipaka kwenye ngozi iliyokauka vizuri inapungua.

Kwa haraka, zikiwekwa bega kwa bega:

| Kiambato | Mng'ao | Vinyweleo vilivyoziba | Chunusi zilizovimba | Madoa |
|---|---|---|---|---|
| Asidi ya salisiliki | kidogo | sana | kiasi | kidogo |
| Benzoili peroksaidi | hapana | kiasi | sana | hapana |
| Niasinamidi | kidogo | kidogo | kidogo | kiasi |
| Adapalini | hapana | sana | sana | kiasi |
| Asidi ya azelaiki | hapana | kiasi | kiasi | sana |

Tazama safu ya mng'ao ilivyo tupu. Ndiyo hali halisi: vitu vya kupaka vinavyouzwa rafuni ni hodari kwa chunusi na madoa, na dhaifu kwa mafuta yenyewe. Anayekuahidi uso mkavu kwa seramu anakuuzia matumaini.

Kabla hatujaendelea, kipo kipele kimoja kinachodanganya. Vipele vidogo vinavyofanana kwa ukubwa, vinavyowasha, vimejaa paji la uso, kifuani au mgongoni, na havisikii dawa yoyote ya chunusi: huenda ni fangasi aitwaye Malassezia, ambaye chakula chake ni mafuta hayohayo ya ngozi. Huyo dawa yake ni ya fangasi. Antibayotiki humzidisha.

Losheni: upake au usipake?

Wengi wenye uso wa mafuta huacha losheni kabisa. Kwa mwenye mafuta ya kawaida, anayeosha kwa jeli laini na hatumii dawa yoyote, anaweza hata asipungukiwe kitu. Lakini ukianza adapalini, benzoili peroksaidi au asidi yoyote, losheni inakuwa sehemu ya dawa: ndiyo inayokuwezesha kuivumilia mpaka ifanye kazi.

Chagua ya jeli au ya majimaji, yenye glisarini au asidi ya hialuroniki, vinavyovuta maji. Krimu nzito za siagi ya shea ziache kwa viwiko na miguu. Mafuta ya nazi yana sifa ya kuziba vinyweleo vya uso, hasa kwa wenye chunusi. Mafuta ya mgando, kinyume na yanavyosemwa, yenyewe hayazibi sana vinyweleo, ila yanang'aa mno na yanashika vumbi. Ukiyahitaji, weka penye pakavu tu.

Yale maandishi ya "haizibi vinyweleo" kwenye chupa usiyategemee kama cheti. Ni ahadi ya mtengenezaji, na vipimo vya zamani vilivyoleta zile orodha za mafuta "yanayoziba" vilifanywa kwenye masikio ya sungura, ambayo huziba upesi kuliko uso wa mtu.

Kinga ya jua, isiyokufanya ung'ae kama sufuria

Hapa ndipo watu wa ngozi ya mafuta wanapoasi, na nawaelewa, kwa kuwa krimu nyingi za jua ni nzito. Lakini kama kero yako ni madoa, hakuna seramu itakayoshinda jua linaloyakoleza kila siku.

Zipo za aina mbili. Za madini, zenye oksaidi ya zinki au ya titani, ni pole kwa ngozi inayowashwa, na nyingine hupunguza mng'ao. Kasoro yake ni weupe unaobaki, ambao kwa ngozi nyeusi hugeuka kijivu. Za kikemikali ni nyepesi, hazionekani, lakini zinaweza kuchonyota machoni ukitoka jasho. Kwa ngozi nyeusi yenye madoa, iliyo bora kwa maoni yangu ni ile yenye rangi ya ngozi, kwa sababu oksaidi za chuma zilizomo huzuia pia mwanga unaoonekana, na mwanga huo nao hukoleza madoa. Tafuta iliyoandikwa jeli au ya majimaji. SPF ni kipimo cha kinga: SPF 30 huzuia karibu 97% ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, na SPF 50 karibu 98%, kwa hiyo usiteseke na SPF 50 nzito inayokufanya upake kidogo. Nyepesi utakayoipaka kwa wingi ndiyo itakayokulinda.

Karatasi, poda, udongo na skrabu

Karatasi ya kunyonya huondoa mafuta na haiachi kitu. Poda huyanyonya na kubaki juu. Ukirudia mara nyingi inafanya tabaka lenye mabaka. Karatasi kwanza, poda kidogo baadaye kama una picha ya kupiga.

Udongo wa kaolini au bentonaiti ukipakwa mara moja au mbili kwa wiki unapunguza mafuta kwa siku hiyo. Uoshe kabla haujakauka ukapasuka, la sivyo unavuta na maji ya ngozi. Skrabu zenye chembe ngumu sizipendekezi kwa mwenye chunusi hata kidogo: zinachubua, na kwenye ngozi nyeusi kila mchubuko hugeuka doa. Kukamua chunusi kwa kucha kunaleta matokeo yaleyale.

Limao lina pH karibu 2, na magadi soda yako upande wa pili kabisa, zaidi ya 8. Kimoja kinaunguza, kingine kinavuruga uchachu wa ngozi. Dawa ya meno nayo inakausha kipele na kuacha kidonda.

Na krimu za "kung'arisha" zinazofuta chunusi na madoa ndani ya siku chache zikimbie. Kasi hiyo mara nyingi ni ya steroidi kali, wakati mwingine pamoja na zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi. Steroidi hutuliza uvimbe haraka, na ukiacha kupaka chunusi hurudi kwa wingi kwenye ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba.

Zinazofika kwenye tezi

Kama umeshatumia dawa ya kupaka kwa miezi mitatu kwa utaratibu na bado, au chunusi zako ni za ndani, zinauma na zinaacha makovu, usiendelee kununua. Nenda kwa daktari wa ngozi, maana dawa zinazogusa tezi yenyewe ziko kwake.

Kuna krimu ya klaskoteroni ya 1%, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa chunusi kuanzia umri wa miaka 12. Inazuia androjeni palepale kwenye ngozi, na wanaume pia huitumia, ingawa si kila nchi inapatikana. Kwa wanawake vipo vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, ambavyo si vya kila mtu kwa sababu vinaongeza uwezekano wa damu kuganda, hasa kwa mvutaji sigara aliyepita miaka 35. Ipo pia spironolaktoni, ambayo asili yake ni dawa ya presha. Inasaidia hasa chunusi za kidevu na taya zinazofuata hedhi, lakini haitumiwi na mjamzito, na wanaume hawapewi kwa kawaida kwa kuwa inaweza kuwaotesha matiti.

Kisha ipo isotretinoini ya kumeza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982. Hakuna nyingine inayoikaribia: tezi zinasinyaa na mafuta yanaweza kupungua hadi 90%. Kozi huchukua miezi kadhaa, midomo hukauka kwa karibu kila anayeitumia, na damu hupimwa mara kwa mara. Inaharibu mimba vibaya, kwa hiyo mwanamke hutakiwa kuzuia mimba kabla ya kuanza, wakati wote wa dawa, na mwezi mmoja baada ya kuacha. Haichanganywi na vidonge vya vitamini A wala antibayotiki za jamii ya tetrasaiklini. Baada ya kozi mafuta hurudi kwa kiasi fulani kwa watu wengi, ila chunusi kwa wengi hazirudi kama zilivyokuwa. Kwa mwenye makovu yanayoongezeka kila mwezi, kungoja na kujaribu seramu ya sita ni hasara kubwa kuliko midomo iliyokauka. Kwa anayesumbuliwa na mng'ao tu, daktari mwenye busara atakuambia dawa hii ni kubwa mno kwako, akurudishe kwenye jeli, niasinamidi na pakiti ya karatasi mfukoni.